Sonona Isirudi: Namna ya Kuendesha Mazungumzo ya Kila Mwezi Baada ya Kupona

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kutibiwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sasa anaendelea vizuri. Analala, anakula, amerudi mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, au dukani, na watu wa nyumbani wameacha kumtazama kwa jicho la wasiwasi. Unamhusu pia ndugu anayeishi naye, na muuguzi au mshauri wa huku Kigoma anayetaka kumshika mkono asianguke tena.

Takriban nusu ya watu wanaougua sonona kwa mara ya kwanza huugua tena baadaye, na kila inaporudi uwezekano wa kurudi tena unaongezeka. Ukimuuliza aliyerudiwa nini kilitangulia, mara nyingi atakutajia watu kabla ya kukutajia dalili: mama alifariki, tuligombana na shemeji kwa ajili ya kiwanja, mume alihamia Mpanda, nilibaki peke yangu. Tiba ninayoieleza hapa inaanzia hapo hapo. Inaitwa tiba ya mahusiano, na ni ya mazungumzo. Gerald Klerman na Myrna Weissman wa Marekani waliitunga ndani ya utafiti uliokuwa ukiuliza hasa swali letu: mgonjwa akishapata nafuu kwa dawa, nini kitamzuia asirudi alikotoka? Kwa hiyo anayedhani mazungumzo ni ya walio kitandani tu amekosea tangu mwanzo.

Kwanza, mambo matatu ya kumwuliza daktari

Usianze bila haya.

Dawa. Kama unameza amitriptilini au fluoksetini, endelea mpaka daktari aseme vinginevyo. Mazungumzo hayaji kuchukua nafasi ya kidonge. Mwaka 1990 mtafiti Ellen Frank na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitatu watu 128 ambao sonona ilikuwa imewarudia mara kwa mara. Kikao kimoja cha mazungumzo kwa mwezi kiliwachelewesha wengi kuugua tena, lakini dawa yenye dozi kamili ilikinga zaidi. Ukiwa navyo vyote viwili, shukuru. Ukiwa na kimoja, kitumie sawasawa.

Umri. Kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2006 uliona mazungumzo ya kila mwezi peke yake hayakuzuia ugonjwa kurudi, dawa ilizuia. Kwa hiyo bibi au babu yako usimwachishe dawa kwa sababu siku hizi anaongea vizuri.

La tatu ni vipindi vya kuchangamka kupita kiasi: siku nyingi bila usingizi na bila kuchoka, maneno yanakimbia, pesa zinatapanywa, miradi mitano inaanzishwa kwa wiki moja. Kama viliwahi kukupata, mwambie daktari waziwazi hata kama vilipita vyenyewe. Huo ni ugonjwa mwingine wenye matibabu yake.

Hatua ya 1: Tafuta mtu, kisha tarehe

Anza na aliyekutibu. Kama hayupo, uliza kitengo cha afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, au hospitali ya wilaya yako, na uulize pia afisa ustawi wa jamii. Usivunjike moyo ukielekezwa kwa muuguzi badala ya daktari bingwa. Jirani zetu wa Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, walijaribu tiba hii katika vikundi vijijini, na walioviongoza walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 na yalikuwa mazuri. Wanavikundi walipopimwa tena miezi sita baadaye, nafuu ilikuwa bado ipo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa vikundi vya namna hiyo, wa vikao vinane. Muuguzi wa zahanati akifundishwa na kusimamiwa anaiweza kazi hii.

Ila asiwe ndugu yako. Kigoma tunajuana: huyu ni wifi wa yule, yule ni mpwa wa sheikh, na mshauri unayepangiwa anaweza kuwa ameoa kwenu. Sema mapema, kwa adabu, "Naomba nipewe mwingine, huyu ni shemeji yangu." Hakuna atakayechukia. Sheikh, padri au mchungaji ana nafasi yake, na wengi wetu hatungevuka bila dua, lakini kikao hiki kina kazi nyingine, na ni vizuri mtu wa kikao asiwe pia mtu wa kukutafutia posa.

Sasa tarehe. Kikao kimoja kwa mwezi, dakika 45 hadi saa moja. Waliotaka kujua kama mara mbili kwa mwezi au kila wiki kungekinga zaidi walijaribu kwa wanawake ambao tiba hii ilikuwa imewaponya, na hawakuona tofauti. Kilicho na maana ni kwamba tarehe inajulikana na inafika hata kama huna shida yoyote. Hapa ndipo wengi wanapotoroka: "Mwezi huu niko sawa, nisimsumbue mtu wa watu." Nenda. Mwezi ambao uko sawa ndio mwezi wa kuzungumzia mambo magumu, kwa sababu kichwa kinafanya kazi.

Anayemeza dawa apange kikao siku anayokwenda kuchukua dawa, aokoe nauli. Mvuvi wa dagaa ana kalenda yake tayari: wakati wa giza yuko ziwani usiku kucha, na mbalamwezi ikiwaka taa hazikusanyi dagaa, mitumbwi inapumzika. Basi kikao kiwe mbalamwezi. Mshauri asiyejua hilo atampangia Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kisha ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana ushirikiano.

Hatua ya 2: Chora mistari miwili

Kikao cha kwanza kinahitaji karatasi na kalamu. Asiyejua kuandika atasema, mshauri ataandika.

Mstari wa juu ni ugonjwa: ulianza lini, ulizidi lini, ulipungua lini. Usihangaike na tarehe kamili. "Baada ya Idi", "wakati wa mavuno ya mahindi", "mtoto alipoingia kidato cha kwanza" inatosha. Mstari wa chini ni maisha: nani alifariki, nani alihama, nani aligombana na nani, kazi gani iliisha, nani alizaliwa. Ukishamaliza, tazama mistari inavyokutana. Watu wengi hukuta mahali ambapo hawakutazamia. Mwanamke aliyeamini ugonjwa wake ulitokana na biashara kufa anaona biashara ilikufa miezi mitatu baada ya kulala kwake kuharibika, na kulala kuliharibika dada yake alipoolewa akaenda Kasulu.

Kisha andika watu. Si lazima wawe wengi. Kwa kila mmoja jibu maswali manne: tunaonana mara ngapi, ananipa nini, mimi nampa nini, na ningependa nini kibadilike. Usimwache nje mtu kwa sababu unamheshimu. Mama mkwe anaingia. Tajiri mwenye mtumbwi anaingia. Marehemu naye anaingia, kama bado unaongea naye moyoni kila siku.

Hatua ya 3: Chagua eneo moja, mawili yakizidi

Tiba hii inagawa matatizo ya watu katika mafungu manne: msiba, mgogoro, mabadiliko ya maisha, na upweke. Huwezi kuyalinda yote kwa kikao kimoja cha mwezi. Chagua lile ambalo mistari yako imeonyesha ndilo mlango wa ugonjwa.

Msiba. Huku kwetu mwanzo wa msiba una watu. Matanga yanajaa, watani wanachekesha, majirani wanapika, arobaini inasomwa. Hatari ya kurudiwa huja baadaye, watu wakishaondoka. Mjane wa Ujiji anakaa eda miezi minne na siku kumi, na wakati huo wote kuna mtu wa kumletea maji na wa kukaa naye. Siku ya kutoka eda, kila mmoja anaona kazi imekwisha. Kama uliwahi kuugua sonona na umefiwa, usiache mwezi upite bila kikao katika mwaka wa kwanza. Kazi ya vikao hivyo ni kumzungumza marehemu mzima mzima: mema yake na yale yaliyokuudhi, siku alivyofariki, ulichotaka kumwambia ukachelewa. Desturi yetu ya kumsema marehemu kwa mema tu ni nzuri mbele za watu. Ndani ya kikao haikusaidii.

Mabadiliko ya maisha yanapita kimyakimya kwa sababu mengine ni ya furaha. Kupandishwa cheo, kujifungua, kustaafu, mtoto wa mwisho kwenda bweni. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Jambo jema kwa ziwa, lakini mwanaume aliyezoea kutoka jioni na kurudi alfajiri na pesa mkononi alikaa nyumbani miezi mitatu, katikati ya kazi za mke wake, akiombwa hela ya chumvi. Mtu wa namna hiyo mwenye historia ya sonona asisubiri Mei. Vikao vya Machi na Aprili vizungumze: utaamka ufanye nini, nani utakaa naye mchana, mkeo amezoea nini wewe usipokuwepo, na kitu gani cha zamani utakikosa. Hili la mwisho watu hulipuuza. Lazima mtu aruhusiwe kusikitikia alichopoteza hata kama alichopata ni kizuri.

Upweke hauchukui maelezo mengi, ila kutibika kwake ni kwa polepole. Lengo la mwezi liwe dogo: kumsalimia jirani mmoja na kukaa dakika kumi, kurudi kwenye kwaya au darasa la kina mama, kuingia kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi cha pesa kina faida nyingine: ukikosa kufika, lazima mtu atakuulizia.

Mgogoro nimeuweka mwisho kwa sababu ndio unaokula vikao vingi. Kwanza jua umefika wapi. Je, bado mnazungumza, hata kwa kelele? Au mmenyamaza, kila mtu na chumba chake? Au mambo yamekwisha na kilichobaki ni kuachana kwa usalama? Mnaozungumza kwa kelele mnahitaji kutulizwa ili msikilizane. Walionyamaza wanahitaji kwanza kurudi kwenye mazungumzo, na usishangae kelele zikiongezeka kabla ya kupungua. Waliofika mwisho wanahitaji kuomboleza kama waliofiwa.

Tahadhari moja: kama kuna kipigo au vitisho, huo si mgogoro wa kusuluhishwa kwenye kikao, na mume asiitwe mkae pamoja. Kinachotangulia ni usalama, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 4: Ndani ya kikao, rudia maneno yenyewe

Mshauri mzuri hafungui kwa "Una shida gani?" Anauliza, "Tangu tulipoonana, hali ya moyo imekuwaje?" Ukisema ilishuka, swali linalofuata ni "Siku zile kulitokea nini na nani?" Ukisema kulitokea ugomvi, anauliza kama ulikuwa unashuka kabla yake. Kikao kizima ni kusuka nyuzi hizo mbili, hali ya moyo na mambo ya watu.

Kisha inakuja kazi ambayo naiona ndiyo kiini cha tiba hii yote: kuyarudia mazungumzo neno kwa neno. Watu huleta muhtasari. Tuseme mama mmoja wa Kibirizi, mnunuzi wa dagaa, anasema, "Nilimwomba mume wangu anisaidie, akakataa." Usikubali hapo. Uliza: ulisema maneno gani? Mlikuwa wapi? Yeye alikuwa anafanya nini?

Kumbe ilikuwa hivi. Alirudi kutoka mwaloni saa nne asubuhi, macho mekundu, mume amekaa barazani na redio. Akasema, "Hivi hii nyumba ina mwanaume kweli?" Mume akachukua redio yake akaondoka. Basi. Kuomba hakukuwepo.

Sasa mshauri anauliza: ulitaka nini hasa? Inachukua muda. Anaanza na "anijali", anaendelea na "aone ninavyoteseka", na mwishowe anafika kwenye kitu kinachoshikika: anataka kulala. Anaamka saa kumi usiku kila siku kupokea mitumbwi, na kwake yeye usingizi ukikatika wiki mbili ndipo sonona inapoanza.

Wanatunga upya, na anaisema kwa sauti:

"Baba watoto, naomba tuongee jioni ukishakula. Wiki hii yote nimeamka saa kumi. Unakumbuka mwaka ule nilivyoumwa, ilianza hivi hivi na usingizi. Naomba Jumanne na Ijumaa uende wewe kupokea dagaa, mimi nilale."

Mshauri anajifanya mume, na asijifanye mume mwema: "Mimi mgongo unaniuma, na kule nani atanijua?"

"Basi tumpe mtoto wa dada yako elfu mbili atupokelee siku hizo mbili. Wewe uongee naye, akisikia kwako atakubali."

Wanairudia mpaka isitoke kama wimbo wa shule. Tazama kilichobadilika: amechagua wakati, amesema kinachomsumbua bila kumshambulia mtu, ameomba kitu kinachohesabika, na amejiandaa kwa jibu la hapana. Akirudi mwezi ujao ataulizwa ilivyokwenda. Kama haikufaulu, hajafeli mtihani, wanaangalia palipokwama.

Hapo hapo siri nyingine hutoka. Mara nyingi nyuma ya ugomvi wa usingizi kuna mkopo wa kausha damu, wa riba kubwa, ambao mume hajui. Mshauri asimlazimishe kuusema siku hiyo. Wapime pamoja: akimwambia nini kitatokea, asipomwambia nini kitatokea, nani mwingine anaweza kukaa katikati yao, labda shangazi au mjomba anayeheshimiwa pande zote. Uamuzi ni wake.

Mshauri anayetumia saa nzima kuhubiri subira amekula muda wako. Subira unayo, ndiyo maana uliugua kimya miezi yote ile.

Hatua ya 5: Kadi ya dalili, na mtu mmoja mwenye ruhusa

Kila mtu ana dalili zake za mwanzo. Wengine huanza kuamka saa tisa usiku na kuhesabu mabati. Wengine huacha kupokea simu. Mwingine anaanza kupika bila kuonja. Andika zako tatu au nne kwenye kadi, kwa maneno yako, kutokana na ule mstari wa juu wa Hatua ya 2.

Mpe nakala mtu mmoja wa nyumbani na umpe ruhusa mbele ya mshauri: "Ukiona hizi mbili kwa wiki nzima, niambie." Bila ruhusa hiyo, akikuambia utaona anakusimanga. Mkubaliane hata maneno atakayotumia. "Dada, naona simu inalia tu" yanatosha. "Umeanza tena mambo yako" hayafai.

Mara moja kwa mwezi jaza lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona (PHQ-9) ambalo wahudumu wengi wa afya wanalijua. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita, na alama ni kutoka 0 hadi 27. Ukifika 10 au zaidi, omba kuonwa bila kusubiri zamu yako. Swali la tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo halina alama ndogo: jibu lolote lisilo sifuri, mwambie mtu leo.

Hatua ya 6: Dalili zikitokea

Vikao viwe vya kila wiki kwa muda, wiki nne mpaka sita. Daktari aangalie dawa, na umwambie ukweli kama ulikuwa unaruka siku. Kama unakunywa, hasa gongo, pombe isimame kwanza, maana inakatiza usingizi na kufanya kila ugomvi uonekane mkubwa.

Nyumbani mpeni mtu huyo ruhusa ya mgonjwa: kwa wiki chache mtu mwingine apokee kazi mbili au tatu, kama angekuwa na malaria kali. Si zote. Anayevuliwa kazi zote analala mchana kutwa na kuzidi. Ndugu wataje nani anachota maji, nani anakwenda mnadani, nani anawapeleka watoto shule, na mwisho wake uwe lini.

Mkitaka kwenda kwa mganga, hilo ni lenu na ukoo, lakini vidonge visikatwe na kikao kisirukwe.

Mtu akianza kuaga, kugawa vitu vyake, au kusema nyumba ingekuwa nafuu bila yeye, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Sumu ya panya, dawa za mashambani, kamba na visu viondolewe alipo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Hatua ya 7: Kupunguza, na kufunga

Ukimaliza mwaka bila dalili, zungumzeni kuhusu miezi miwili miwili. Waliougua mara tatu au zaidi wafikirie miaka miwili au mitatu kabla ya kufunga, na uamuzi wa dawa ubaki kwa daktari, usichanganywe na huu.

Vikao vitatu vya mwisho vizungumze kuachana kwenyewe. Mshauri huyu naye ni mtu katika orodha yako, na kumpoteza ni mabadiliko. Pitieni kadi ya dalili, muone kama bado ni zile zile. Pangeni nani atakuwa wa kumpigia na mtapatanaje ikibidi kurudi, maana wauguzi huhamishwa na namba hubadilika. Mwombe akutambulishe kwa mwenzake wa kituo hicho hicho kabla hajaondoka. Na msifunge vikao mwezi wa kumbukumbu ya marehemu wako, wala katikati ya kesi ya kiwanja, wala wakati ziwa limefungwa kama nyumba yenu inaishi kwa dagaa. Sogezeni mbele mpaka mitumbwi irudi majini na muwe mmefanya kikao kimoja baada ya hapo.